Kamera ya Gizani na Pamba ya Shamba la Juu

Jumatatu, 8 Januari 1996

Mimi Bartholomeo Maige nimeanza kuandika leo. Mtaalamu wa pamba aliyeletwa kwetu, binti anaitwa Nelly, amesema kila mkulima wa mbegu aandike hali ya shamba na mvua. Wengine wamechekacheka. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima nikatoka wa kwanza, na mwalimu mwenyewe alikuwa ananiuliza mimi mahesabu. Kwa hiyo naandika. Nitaandika na mengine, kwa sababu mvua peke yake haina maneno mengi.

Pamba yangu ya shamba la juu inanifika magotini. Hakuna pamba kama hii kuanzia hapa hadi Katoro. Ndiyo maana kijiji kizima msimu ujao kitapanda mbegu yangu. Sijisifu, kikao ndicho kilichoamua.

Jumanne, 9 Januari

Mvua. Palizi.

Ijumaa, 12 Januari

Kamera ya Nelly ya kupimia majani imefika. Nilidhani nitaona kitu kikubwa, kumbe ni kama kopo la maziwa ya unga lenye jicho mbele. Nyuma ina feni inayolia kama nyuki, na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Imewekwa kwenye ghala la Hozefa, mwenye duka hapa senta. Ghala lile halina dirisha na kuta zake ni nene, baba yake alilijenga la kuweka marobota ya pamba. Jenereta iko nje.

Nikamuuliza Nelly, “Mjukuu wangu, hii inapiga picha bila taa?”

“Taa ndiyo inayoiharibu, mzee. Jani la pamba likishashiba jua, ukiliingiza gizani linatoa mwanga. Mdogo mno, jicho lako haliuoni.”

“Langu linaona. Sijawahi kuvaa miwani.”

“Hata la bundi halioni.”

Hii si kama ile ya mpiga picha wa Katoro, unaambiwa usipepese halafu paa, imekwisha. Hii inafungua kilango chake inakaa kimya, inakusanya ule mwanga kidogo kidogo, kama mtu aliyekinga ndoo kwenye bati linalodondosha. Jani zima linatoa mwanga sawasawa. Jani gonjwa lina mabaka meusi, hata kama kwa macho ni la kijani. Na kamera lazima ipozwe. Ndani yake kuna baridi kuliko friji ya soda ya Hozefa, kuliko barafu. Nelly anasema ikipata joto inaanza kuona vitu ambavyo havipo. Nikamwambia hata mtu mwenye homa yuko hivyo. Akacheka, akaandika hilo neno. Nadhani atalipeleka makao makuu.

Mlango wa ghala ukifunguliwa picha imekufa. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa mlangoni mwenye msimamo. Nikajichagua.

Jumatano, 17 Januari

Maduhu alipita senta akanikuta nimesimama mlangoni na fimbo. Maduhu ni jirani yangu, shamba lake liko chini ya langu, na tulizaliwa mwaka mmoja. Hajawahi kunishinda kitu.

“Maige! Umekuwa bawabu wa giza?”

“Nenda zako. Humu wanaingia watu wenye akili.”

“Basi wewe utabaki nje mpaka ufe.”

Nikafungua mlango kidogo nimwonyeshe nani anabaki nje. Kidogo tu, upana wa kiganja. Nelly alipiga kelele huko ndani kama aliyekanyaga kaa la moto. Picha ikatoka nyeupe yote, nyeupe kama unga wa muhogo. Nikamwambia ni upepo.

Jumatano, 24 Januari

Leo sikupenda.

Nelly alichukua majani ya shamba langu, ya Maduhu, na ya watu wengine, kila moja na karatasi yake. Ya wengine yalitoka vizuri. Ya Maduhu yalitoka vizuri. Yangu ya kona ya chini, pale kwenye mfereji, yana mabaka meusi kama shati lililomwagikiwa na mafuta.

Nelly akasema, “Mzee Maige, huu ni mnyauko. Umeingia kwenye mizizi. Baada ya wiki kadhaa utauona kwa macho, lakini wakati huo utakuwa umeshasambaa.”

“Kwenye pamba yangu?”

“Kona yote ing'olewe ichomwe. Mfereji uzibwe. Na mbegu ya shamba hilo isigawiwe kwa mtu.”

Nikamwangalia. Kabinti kamevaa suruali, hata ng'ombe wa kulimia hakajawahi kuwashika, kananiambia mimi ning'oe pamba ya kijani. Nikamwambia, “Kamera yako inaumwa.”

Na sikukosea! Mvua imenyesha tangu Jumatatu, hewa imelowa. Nikamwambia afungue aangalie jicho. Kioo kilikuwa kimejaa umande, kwa sababu ndani ni baridi na nje ni unyevu, kama chupa ya soda inavyotoka jasho. Mle kuna kifuko cha punje za kunyonya maji. Zikiwa kavu ni za bluu. Zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi. Nelly akaona aibu, akakubali picha za leo hazifai.

Nilirudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 25 Januari

Nimezikausha zile punje mwenyewe kwenye kikaango cha mke wangu Scolastika, juu ya mkaa wa taratibu. Zikarudi bluu. Scolastika akasema, “Baba Cornel, ukimaliza kupika mawe nunua kikaango kingine. Hicho sitakaangia samaki tena.”

Jumamosi, 27 Januari

Mvua kubwa. Mfereji umejaa pomoni.

Niuelezee mfereji. Niliuchimba mimi, peke yangu, kabla wanangu hawajakimbilia dhahabu huko Nyarugusu. Unatoa maji shamba la juu yasisimame. Yanashuka moja kwa moja kwa Maduhu. Hajawahi kulalamika, maana yanamletea udongo mzuri. Kila mwaka ananitania kwamba mimi ni mfanyakazi wake.

Nelly alikuja na mwamvuli. Matope mpaka magotini. “Mzee, ugonjwa huu unasafiri na maji ya udongo. Kila mvua inayopita hapa inampelekea yule mzee. Tuuzibe leo, halafu tupime tena.”

“Nikiuziba, maji yatasimama kwangu, pamba ioze. Utanilipa wewe?”

“Na ikiingia kwake?”

“Haijaingia kwangu, itaingiaje kwake?”

Akaondoka. Mwamvuli wake uligeuzwa na upepo. Sikucheka.

Jumatatu, 29 Januari

Kioo kikavu. Punje za bluu. Joto la kamera limeshuka mpaka pale Nelly anapopataka. Mabaka yapo.

Nimekaa nikafikiri. Nikamwuliza picha inatengenezwaje. Akasema ni nukta nyingi nyingi, kama punje za mchanga, na kwa kuwa mwanga ni mdogo anaiamuru kamera iunganishe nukta nne ziwe moja, ili ikusanye zaidi kwa haraka. Nikapiga goti langu kofi. “Ndiyo hapo! Umezichanganya nukta, na uzima umechanganyika na uchafu. Zitenganishe.”

“Zikitenganishwa itabidi kilango kikae wazi muda mrefu sana, mzee. Na dizeli imebaki kidogo.”

“Nitangoja.”

Ijumaa, 2 Februari

Hakuna dizeli. Hozefa yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, nilipokwenda kumhimiza aagize nyingine akaniambia, “Mzee Maige, midomo yangu imekauka, usinilazimishe kukujibu.” Mvua jana, mvua leo. Scolastika haniongeleshi vizuri. Akileta chakula anasema tu, “Maji yanashuka.”

Jumapili, 4 Februari

Kanisani nilikaa benchi moja na Maduhu. Akaninong'oneza kwamba pamba yake mwaka huu itaipita yangu, imeanza kutoa maua. Akasema yule binti wake aliyeachika amerudi na watoto, kwa hiyo mwaka huu hana kitu kingine cha kutegemea, ni lile shamba tu. Sikumjibu utani. Akanitazama usoni, akauliza kama naumwa.

Jumanne, 6 Februari

Leo naandika mengi, na mkono unauma.

Dizeli ilifika na lori la asubuhi. Nelly akaweka jani langu, nililolichuma mimi, kutoka mche mzuri kuliko yote wa kona ile. Akatenganisha nukta kama nilivyotaka. Tukafunga mlango, mimi leo nikiwa ndani. Ndani ya giza lile huoni hata kidole chako. Unasikia feni, unasikia jenereta kwa mbali, unasikia pumzi za mwenzako. Nelly alisema tusisogee. Nilikaa mpaka mguu ukafa ganzi. Nikafikiri, jani liko pale mbele yangu linatoa mwanga, na mimi na macho yangu yote niliyoyasifia sioni kitu.

Kilango kikajifunga. Kompyuta ikachora polepole, mstari baada ya mstari kutoka juu. Mabaka hayakuchanganyika. Yalikuwa safi kuliko mwanzo. Yalifuata mishipa ya jani, kama maji machafu yanavyofuata mifereji.

Nikasema, “Bado.”

Nelly alikuwa amechoka. “Bado nini, mzee wangu?”

“Uliniambia hii kamera hata isipoangalia kitu inaona vinukta vyake yenyewe. Wewe unavipiga picha asubuhi kifuniko kikiwa kimefungwa, halafu unavitoa kwenye picha ya jani. Labda mabaka ni yake. Nataka picha ya giza, sasa hivi, muda uleule, baridi ileile. Na nibonyeze mimi.”

Hakubisha. Akaondoa jani, akafunga kifuniko, akanishika kidole gizani akakiweka kwenye kitufe. Nikabonyeza. Tukangoja tena muda uleule. Nilikuwa naomba, naandika ukweli, nilikuwa naomba Mungu kamera iwe mbovu.

Picha ya giza ikatoka. Kijivu kitupu, na vinukta vyeupe vichache vimetawanyika kama chumvi. Hakuna baka. Hata moja. Nelly akaitoa ile picha kwenye picha ya jani. Vinukta vikafutika. Mabaka yakabaki.

Nikauliza, “Kwa hiyo kamera ni nzima?”

“Ni nzima, mzee.”

Nikaenda moja kwa moja shamba la juu. Nikang'oa ule mche mzuri kuliko yote, nikaupasua shina kwa kisu kuanzia mizizini. Nje kijani. Ndani kahawia, kama meno ya mvuta tumbaku. Nikapasua wa pili. Nikapasua wa jirani yake. Halafu nikasimama nikatazama mfereji unavyoshuka, umenyooka vizuri, maana nilipouchimba nilitumia kamba.

Jumatano, 7 Februari

Scolastika aliliona shina nililolipasua kwenye mfuko wa koti langu. Akalipeleka kwenye mwanga wa mlangoni.

“Utamwambia Maduhu lini?”

“Kesho.”

“Mbona upande wa ziwani kumeshakuwa kweusi kwa mawingu?”

“Nikimwambia nimekwisha, Mama Cornel. Mkulima wa mbegu! Watanicheka mpaka Chato.”

“Wacheke. Wewe hujawacheka?”

Kona ile ni kubwa. Kuing'oa peke yangu na mke wangu si kazi ya kuiwahi mvua. Vijana wote wako kwenye mashimo ya dhahabu. Nitamwita nani, na nimwambie nini? Watu hawawezi kuja kung'oa pamba ya kijani kwa sababu Maige ameona picha.

Alhamisi, 8 Februari

Nilipiga mwano.

Anayejua kwetu ameshashtuka. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha hata chakula mdomoni, unachukua silaha unakimbia. Ni wa mwizi wa ng'ombe, wa moto, wa fisi. Si wa mchezo. Ukiupiga bure, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanakutoza dume la ng'ombe na kukutenga, hakuna mtu atakayekuja kwako hata ukifiwa. Mimi nimeshakaa kwenye baraza la kuwatoza watu kwa kosa hilo, na nilikuwa mkali.

Nilisimama katikati ya shamba la juu jua likiwa juu. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa kama ukuta. Nikaweka mikono mdomoni. Sauti yangu bado ni kubwa, na hilo hakuna anayelibishia. Wakaupokea nyumba ya pili, ya tatu, mpaka senta.

Wa kwanza kufika alikuwa Maduhu. Amekimbia kupanda mteremko kutoka kwake, mkuki mkononi, kiatu kimoja.

“Wako wapi? Wameelekea wapi?”

“Wanaelekea kwako.”

Akageuka kuangalia chini. “Wapi? Sioni mtu!”

“Wanapita kwenye mfereji.”

Watu wakawa wanafika, wazee na akina mama wengi, na mapanga, na majembe, Hozefa naye na bomba la chuma. Athanas, mtemi wa sungusungu, akatembea mpaka mbele yangu akitweta.

“Maige. Mwizi yuko wapi?”

Nikawaonyesha pamba yangu. Kijani, imependeza, na maua yameanza. Wakaitazama. Mama mmoja akasema, “Mzee kachanganyikiwa.” Mwingine akasema, “Jua hilo.” Athanas hakucheka.

“Sheria ya mwano unaijua.”

“Nimewafundisha ninyi sheria hiyo. Ng'oeni mche wowote wa kona hii. Chagueni wenyewe. Pasueni. Mkikuta shina jeupe, dume langu jekundu liko zizini, kachukueni na kamba yake.”

Athanas akaukagua mstari, akauchagua mche mnene, akaung'oa, akaupasua kwa panga. Kahawia. Akawapa wengine. Kila mtu akawa anapasua. Hawa ni watu wa pamba, hakuna aliyehitaji kuelezwa rangi ile. Nelly alikuwa amefika na baiskeli, amesimama pembeni. Nilimwita mwenyewe. Nikasema mbele ya wote, “Huyu ni Mtaalamu. Alilijua hili kabla yangu. Semeni naye.”

Akawaambia: mfereji kwanza, halafu kona yote.

Maduhu alikuwa ameshachukua jembe la mtu. Alianza kuuziba mfereji yeye, bila kuniangalia, anatupa udongo kama anayefukia kaburi. Mara akasimama.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu juzi. Nilipasua.”

Scolastika alikuwa nyuma yangu na tita la miche. “Mwambie uliambiwa tangu lini.”

Watu wote walisikia.

Nikasema, “Kabla ya mvua ile ya Jumamosi.”

Maduhu akahesabu kichwani, nilimwona. Mvua ile, na iliyofuata, na ya wiki iliyopita. Akamaliza kuziba. Akachukua mkuki wake akateremka, na kiatu chake kimoja. Athanas akasema dume libaki zizini. Ningependelea walichukue.

Tulimaliza kona, tukarundika yote juu, mbali na maji. Mvua ilitukuta kwenye mistari ya mwisho. Ilipiga hasa. Maji yalisimama shambani kwangu kama bwawa, yakaukuta mfereji umefungwa, yakabaki pale.

Ijumaa, 9 Februari

Mvua kutwa. Pamba yangu iliyobaki iko majini.

Jumatatu, 19 Februari

Jua. Tumechoma rundo kwa mafuta ya taa. Maduhu ananipita njiani. Namwambia “Mwangaluka,” anaitikia kwa sababu hakuna mtu asiyeitikia salamu. Basi.

Jumanne, 27 Februari

Nelly anasema tungoje. Ugonjwa ukiingia leo haujionyeshi leo, hata kwa kamera. Nazikausha punje kila asubuhi. Nimenunua kikaango kingine.

Jumanne, 12 Machi

Majani ya Maduhu yamepigwa picha leo. Aliyaleta mwenyewe kwenye kikapu kilichofunikwa kanga, mstari kwa mstari kama Mtaalamu alivyomwelekeza. Alikaa nje kwenye gunia, mgongo ukutani, kofia mkononi. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Ilichukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Jani, kungoja, picha ya giza, kutoa, jani lingine. Ya katikati mazima. Ya upande wa barabara mazima. Nikaanza kupumua. Halafu yakaja ya mistari iliyoko mdomoni mwa mfereji. Mtaalamu alirudia mara mbili bila mimi kumwomba. Sikusema nukta, sikusema umande.

Akaniuliza, “Nimwambie mimi, mzee?”

“Hapana.”

Nikatoka. Jua likaniumiza macho, sikumwona Maduhu vizuri, nilimwona kivuli. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Mimi sijawahi kukosa maneno.

“Mistari ya mferejini. Minane. Mingine yote mizima, utavuna. Ila mbegu ya kijiji haitatoka kwangu wala kwako mwaka huu.”

Akainuka kwenye gunia. Kisha akavaa kofia, akaenda. Nikamfuata, mbali kidogo. Alifika shambani, akaanza kung'oa kutoka mwanzo wa mstari, upande wa juu. Mimi nikazunguka mpaka mwisho wa mstari uleule, upande wa chini, nikaanza kung'oa kuja juu. Hakunifukuza. Udongo ulikuwa bado laini, miche ilitoka na mizizi yake yote. Mstari wa kwanza tulikutana katikati hatukutazamana. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nilichelewa kwa sababu ya mgongo, akawa amenifikia upande wangu.

Akasimama pale, mikono imejaa miche, akanitazama nilivyoinama.

“Maige.”

“Naam.”

“Unang'oa kama mwanamke aliyejifungua jana.”

Nikanyooka. Nikamwambia wanawake aliowaona wakitoka uzazini wana nguvu kuliko ukoo wake wote. Akatema mate pembeni. Akahamia mstari wa nne, na safari hii akaanzia upande nilioko mimi.